NENO LA MWALIMU: Alama nyingi, kinywa kimefungwa



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa miaka mingi nilidhani nalijua, kumbe sikulijua. Ni habari ya kufundisha lugha ya kigeni, na zaidi ya hapo, habari ya kuipima. Na kwa kuwa mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha kosa la mwingine, nitaanza na langu mwenyewe.

Katika darasa langu la Kifaransa, hapa kwetu Kivu, walikuwamo wanafunzi wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza alikuwa msichana mwenye bidii. Daftari lake lilikuwa safi, vitenzi alivijua katika nyakati zote, na imla, ile wanafunzi waiitayo dikte, aliiandika karibu bila kosa. Kila muhula nilimpa alama zaidi ya 80 katika 100. Wa pili alikuwa mvulana aliyeshinda bandarini siku za mapumziko, akibeba mizigo ya wasafiri wa ziwani. Maandishi yake yaliniumiza macho. Mara mbili nilimwandikia alama 40. Akarudia darasa, kisha akaacha shule.

Mwaka uliofuata, mama wa yule msichana alishikwa na ugonjwa usiku, wakampeleka hospitali. Mganga wa zamu alikuwa ametoka Kinshasa siku chache tu zilizopita. Alijua Kifaransa na Lingala. Kiswahili alikuwa hajakipata bado. Mama alijua Kimashi na Kiswahili. Basi jamaa wote wakamgeukia binti wakasema: “Sema wewe, mwanangu, wewe uliyesoma.” Binti akafungua kinywa, wala neno halikutoka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akitafuta kwanza moyoni kitenzi sahihi na wakati wake. Na alipokuwa akitafuta, mganga aliuliza swali la pili, halafu la tatu, naye akaanza kulia.

Ni nani aliyeitwa mbio kuja kusaidia? Ni yule mvulana wangu wa alama 40. Hakulijua neno ambalo waganga hulitumia kwa ugonjwa wa kugeuka manjano. Lakini alisema kwa Kifaransa chake cha bandarini: “Daktari, tazama macho yake, palipokuwa peupe pamekuwa kama ndizi mbivu. Ilianza siku tatu zilizopita.” Mganga akaelewa, akauliza, akajibiwa, akafanya kazi yake. Mama yule alipona.

Niliposikia habari hizo nilifungua daftari langu la alama, nikalitazama kwa muda mrefu. Alama 80 kwa yule aliyenyamaza, alama 40 kwa yule aliyesema. Nikajiuliza: Miaka hii yote nimekuwa nikipima kitu gani?

Kujua habari za lugha si kujua lugha

Msidhani kwamba kosa hilo ni la shule zetu peke yake. Katika karne ya 19 alikuwako mwalimu mmoja Mfaransa, jina lake François Gouin. Alitaka kujua Kijerumani, akasafiri hadi mji wa Hamburg. Badala ya kwenda sokoni na kukaa na watu, alijifungia chumbani. Kwa siku 10 alikariri kitabu cha sarufi pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni. Kisha akatoka kwa furaha kwenda kusikiliza masomo ya chuo. Hakuelewa hata neno moja. Hakukata tamaa, akarudi chumbani, na kwa siku 30 akakariri kamusi yenye maneno 30,000. Akatoka tena, na tena hakuelewa.

Aliporudi kwao Ufaransa alimkuta mtoto wa ndugu yake, wa miaka mitatu hivi, ambaye wakati ule wote alikuwa amejifunza kusema bila kitabu wala kamusi. Siku moja mtoto huyo alipelekwa kuona kinu cha kusagia. Aliporudi nyumbani alicheza kinu kile, akikisimulia hatua kwa hatua: magunia yanajazwa, yanapelekwa, nafaka inasagwa. Gouin akafahamu kwamba mtoto huipata lugha kwa kuifanyia kazi. Mwaka 1880 alitoa kitabu chake juu ya kufundisha lugha, na mpaka leo walimu wanakitaja.

Basi, kukariri kanuni ni sawa na kukariri majina ya viungo vya baisikeli. Ni jambo jema, lakini hujui kuipanda mpaka umeipanda, na huwezi kuipanda bila kuanguka mara kadha wa kadha.

Nyuzi nne za kamba moja

Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa Marekani, Dell Hymes, alianza kueleza jambo hili kwa jina ambalo leo limeenea katika vyuo vya ualimu: uwezo wa mawasiliano. Alisema kwamba mtu anayejua kutunga sentensi sahihi tu, bila kujua ni lini aseme, lini anyamaze, na kwa nani aseme namna gani, hajawa msemaji wa lugha ile. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Kanada, Michael Canale na Merrill Swain, walieleza sehemu za uwezo huo. Na mwaka 1983 Canale akaongeza nyingine, zikawa nne. Mimi nazifananisha na nyuzi nne za kamba moja.

Uzi wa kwanza ni sarufi, pamoja na maneno na matamshi. Huo tunaujua, ndio tuliousokota siku zote.

Uzi wa pili ni adabu ya usemi. Mtoto wa kwetu hamkabili mzee na kumwambia “Unataka nini?” ingawa sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Vivyo hivyo katika Kifaransa, anayemwambia mkubwa wake “tu” mahali pa “vous” anaweza kuwa amesema sawasawa kwa sarufi, lakini amekosa heshima.

Uzi wa tatu ni kushikamanisha maneno, hata habari iwe na mwanzo, katikati na mwisho. Mgonjwa akianza na dawa, kisha akarudi kwenye maumivu, kisha akataja safari ya mwaka jana, mganga atapotea njia.

Uzi wa nne ni werevu wa kujinusuru neno linapokosekana: kueleza kwa mfano, kuonyesha kwa mkono, kumwomba mwenzako arudie polepole. “Macho kama ndizi mbivu” ni kazi ya uzi huo wa nne. Katika daftari langu la alama uzi huo haukuwa na mahali.

Lakini sikilizeni vizuri, wanafunzi. Nisije nikasikia kesho kwamba mwalimu amesema sarufi si kitu. Mganga akiuliza kama mgonjwa amekunywa dawa, na wewe ukachanganya “alikunywa” na “atakunywa”, anaweza kupewa dawa mara mbili, au asipewe kabisa. Kosa la namna hiyo ni zito kwa sababu linageuza maana. Makosa mengine hayageuzi maana: kusahau kwamba meza katika Kifaransa ni ya jinsia ya kike hakumzuii mtu kukuelewa. Mwalimu mwenye hekima hupima uzito wa kosa, hahesabu idadi tu. Tena hamkatizi mtoto kila neno. Humwacha amalize, kisha humsahihisha.

Kinywa hufunguliwa kwa kazi

Je, tufundisheje? Tazameni somo la desturi. Mwalimu anaweka kitabu juu ya meza na kuuliza: “Kitabu kiko wapi?” Darasa zima linajibu kwa sauti moja: “Kitabu kiko juu ya meza.” Lakini ni nani duniani anayeuliza habari ya kitu anachokiona kwa macho yake? Watu husema kwa sababu mmoja anajua jambo asilolijua mwenzake. Wataalamu huliita pengo la habari, na ndilo linalotia uhai katika somo la kusema.

Nitawapa mfano usiogharimu hata franga moja. Wagawe wanafunzi wawili wawili. Mmoja ana karatasi yenye bei za vitu sokoni. Mwenzake ana orodha ya vitu vya kununua na kiasi cha fedha aliyopewa na mama yake. Asionyeshe mtu karatasi yake. Hawana budi kuulizana, kubishana bei kwa adabu, na kuafikiana ni kitu gani kitaachwa ikiwa fedha haitoshi. Mwishoni kila mmoja anaandika walichokubaliana. Humo mna kusema, kusikiliza, kusoma na kuandika, vyote kwa kazi moja.

Mwalimu mwenzangu atasema: “Ndugu, darasa langu lina watoto 60!” Hata langu limejaa. Basi tufanye hesabu. Somo ni la dakika 50. Mwalimu akisema nusu yake, zinabaki dakika 25 kwa watoto 60, yaani kila mmoja ana sekunde 25 tu, ikiwa kila mmoja atapata zamu. Lakini ukiwapanga wawili wawili kwa dakika 10, kila mtoto anapata dakika tano za kusema, mara 12 ya zile sekunde 25. Kwa hiyo kadiri darasa linavyokuwa kubwa, ndivyo tunavyohitaji zaidi kuwaacha waseme wao kwa wao.

Patakuwa na kelele, ndiyo. Watafanya makosa usiyoyasikia, ndiyo. Lakini soko lisilo na sauti ni soko lililofungwa.

Mizani ya haki

Sasa tufike kwenye mzizi wa jambo. Ninyi wanafunzi mna werevu mkubwa: mnajifunza kile kitakachoulizwa katika mtihani, na kingine mnakiacha. Siwalaumu. Mwalimu anaweza kuhubiri mwaka mzima juu ya faida ya kusema; mtihani wake ukiwa wa kuandika tu, vinywa vitabaki vimefungwa. Ndiyo maana nasema kwamba anayetaka kubadili mafundisho aanze kubadili mizani.

Wako waliolitambua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1950, chuo kinachotayarisha watumishi wa kibalozi wa Marekani kilitaka kujua ni nani hasa anayeweza kutumia lugha ya nchi anakotumwa. Hakikutegemea vyeti. Kilimketisha mtu mbele ya wajaribu, kikazungumza naye, kikampa daraja kutoka 0 mpaka 5. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mpango wenye ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanzoni hadi C2 ya juu kabisa. Maelezo ya kila ngazi yanataja mambo ambayo mtu anaweza kufanya: anaweza kujitambulisha, anaweza kuuliza njia, anaweza kueleza na kutetea maoni yake. Na mtihani wa Kifaransa uitwao DELF, ulioanzishwa na Ufaransa mwaka 1985 kwa ajili ya wageni wa lugha hiyo, sasa una sehemu nne zenye uzito sawa: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, kila moja alama 25. Anayefaulu ni mwenye jumla ya 50 katika 100, lakini asishuke chini ya 5 katika sehemu yoyote. Maana yake ni kwamba kalamu nzuri haiwezi kukinunulia kinywa ruhusa ya kulala.

Sisi tusio na mashine wala wakaguzi wengi tutafanyaje? Nawaeleza ninavyofanya mimi, mwenye njia bora anifundishe.

Kwanza, nawaita wanafunzi wawili wawili, kila jozi kwa dakika tano, na wengine wakiandika zoezi. Jozi tatu kwa somo moja ni dakika 15. Darasa la watoto 60 lina jozi 30, basi masomo 10 yanatosha kuwapima wote.

Pili, nawapa kazi ya kweli, wala siwaambii wakariri. Mmoja ni mganga, mwingine ameleta mgonjwa. Mmoja anauza tiketi ya mashua, mwingine amepoteza mzigo. Naanza na maswali mepesi ili woga utoke, kisha napandisha ugumu mpaka nione wanapokwama, na mwisho narudi kwenye jepesi, ili mtoto asitoke chumbani na aibu.

Tatu, nina mizani mitano niliyoitangaza mapema na kuibandika ukutani. Je, ujumbe umefika? Je, maneno yanafuatana bila kukwama mno? Je, sarufi inasaidia maana au inaiharibu? Je, matamshi yanaeleweka? Je, ametumia adabu inayofaa, na alipokosa neno amejinusuru? Kila mzani una alama tano, jumla 25. Yule mvulana wa bandarini angalikata tamaa mbele ya mzani wa tatu, lakini minne mingine ingaliujua uwezo wake.

Nne, sikio moja si hakimu wa haki. Siku nikichoka naweza kuwa mkali. Mtoto wa rafiki yangu naweza kumhurumia bila kujua. Kwa hiyo, mara inapowezekana, namwomba mwalimu mwenzangu akae nami. Kila mmoja anaandika alama zake peke yake kabla hatujalinganisha. Tukitofautiana sana, tunazungumza mpaka tuone ni nani aliyesikia vibaya. Mara nyingi nimekuwa mimi.

Tano, sipimi mara moja kwa mwaka. Mtu anaweza kuamka na homa. Mara tatu kwa mwaka ni haki zaidi. Na haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi

Wako baba na mama wanaofikiri kwamba mtoto atakijua Kifaransa akikatazwa kusema Kimashi au Kiswahili nyumbani. Mnakumbuka, au mmesimuliwa, jinsi katika shule nyingi za Afrika wakati wa ukoloni mtoto aliyeteleza na kusema lugha ya mama yake alivikwa alama shingoni, naye huivaa mpaka amkamate mwenzake. Desturi ile ilifundisha mambo mawili: kunyamaza na kupelelezana. Haikufundisha kusema. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na pamoja nacho inazitaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Mtoto aliyezoea kusimulia habari vizuri kwa Kiswahili tayari ana uzi wa tatu na wa nne mkononi. Anaweza kuhamia nao katika Kifaransa kama mtu ahamavyo na sufuria zake.

Basi mtoto akileta karatasi ya alama, msiulize tu “Umepata ngapi?” Mwulizeni pia: “Juma hili umeweza kufanya nini kwa lugha hiyo?” Na akijaribu kusema mbele yenu, hata kwa makosa, msimcheke. Kicheko cha baba kinaweza kufunga kinywa ambacho mwalimu amekihangaikia mwaka mzima.

Mtauliza mwisho wa wale wawili. Msichana yuko bado darasani kwangu. Katika jaribio la kwanza la kusema alidumu kwa sekunde 40, kisha machozi. Katika la tatu alikaa dakika zote tano, akakosa sarufi mara nne, nami nikaelewa kila jambo alilotaka kusema. Nilimpa alama 19 katika 25, alama ndogo kuliko zote alizozoea, akatoka akicheka.

Mvulana nilimfuata bandarini nikamwomba radhi. Miaka miwili niliyomnyang'anya siwezi kumrudishia. Alitua gunia chini, akanisikiliza kwa heshima, akasema: “Si neno, Mwalimu. Lakini nina wadogo zangu wawili shuleni kwako. Wale wape nafasi waseme.”

Nimemwahidi. Nawaombeni nanyi, walimu wenzangu, mniunge mkono katika ahadi hiyo.

Kwaherini, hadi juma lijalo.